Marx wa Mitumba: Mapitio ya Vitabu vya Moscow Vinavyouzwa Nairobi

Kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba katikati ya jiji, kuanzia Tom Mboya kuteremka hadi River Road, si ajabu kukuta jina la Marx, Engels au Lenin limebanwa kati ya vitabu vya marudio ya mtihani na vile vya kufundisha watu kutajirika. Mara nyingi ni toleo la Progress Publishers la Moscow. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1931, likachukua jina la Progress mwaka 1963, na kazi yake ilikuwa kuchapisha kwa lugha za kigeni na kuuza kwa bei nafuu duniani kote. Dola iliyolifadhili, Umoja wa Kisovyeti, ilivunjika Desemba 1991. Vitabu bado vinazunguka.

Hukumu yetu tuitoe mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Vinunue. Kwa kueleza nani anafanya kazi, nani anakula matunda ya kazi hiyo, na kwa njia gani, ni vigumu kupata maandishi mafupi yaliyo makali kuliko haya. Lakini vina pengo kubwa ambalo jalada halikuambii: havionyeshi uchumi usio na mabepari utaendeshwa vipi siku ya pili baada ya mapinduzi, wala nani atamrekebisha kiongozi akikosea. Anayevisoma bila kulijua pengo hilo hutoka na nusu ya habari, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyogharimu maisha ya mamilioni.

Kagua kabla hujalipa

Toleo linalomfaa anayeanza ni maandishi teule ya Marx na Engels katika juzuu 3, yaliyochapishwa 1969 na 1970. Seti nzima hupatikana kwa nadra, juzuu huuzwa mojamoja, na majalada yanafanana, kwa hiyo jua unachotafuta. Juzuu ya 1 ina Kanuni za Ukomunisti za Engels, Ilani ya Chama cha Kikomunisti, na mihadhara ya Marx kuhusu mtaji na kazi ya mshahara. Juzuu ya 2 ina hotuba ya Marx kuhusu mshahara, bei na faida, pamoja na andiko lake juu ya Komuni ya Paris ya 1871, serikali ya muda mfupi ya wafanyakazi wa jiji hilo. Juzuu ya 3 ina uhakiki wa Programu ya Gotha na kazi za Engels za miaka ya baadaye. Kuna pia toleo la juzuu moja la 1968, nene, lenye zaidi ya kurasa 700. Hilo ukilipata funua yaliyomo kwanza, uone kama Kanuni za Engels zimo.

Juzuu za jalada gumu zimeshonwa kwa uzi na huvumilia. Vijitabu vya jalada laini ndivyo vyenye shida: gundi imekauka, au pini zimeshika kutu na kuchana karatasi katikati. Fungua katikati ukunje taratibu. Ukisikia mlio wa gundi kuvunjika, jua kurasa zitaanza kudondoka kabla hujafika nusu. Kisha nenda mwisho wa kitabu. Wahariri wa Moscow waliweka maelezo yenye namba na faharasa ya majina nyuma kabisa, na hizo ndizo kurasa zinazong'oka mwanzo. Bila maelezo hayo utakutana na majina ya wanasiasa wa Ujerumani na Ufaransa wa miaka ya 1840 usijue ni nani wala walimfanyia nani nini.

Maelezo yenyewe yasome kwa tahadhari. Yaliandikwa na taasisi ya chama tawala. Ukiona mtu anaitwa msaliti au mrekebishaji (yaani anayepotosha mafundisho ya Marx) bila kuelezwa alisema nini hasa, hapo ni mhariri anayesema, si Marx. Dibaji nazo zina mazoea ya kueleza historia yote kana kwamba ilikuwa ikielekea Moscow tangu mwanzo. Ruka dibaji, soma matini, kisha urudi kwenye dibaji ukiwa na akili yako mwenyewe.

Anza na maswali 25

Kanuni za Ukomunisti ziliandikwa mwaka 1847, miezi michache kabla ya Ilani, kwa mtindo wa maswali na majibu kama katekisimu ya kanisani. Maswali ni 25. Kikundi cha watu wanane kinaweza kuyamaliza kwa vikao vitatu vya saa mbili: maswali ya 1 hadi 10 kikao cha kwanza, 11 hadi 15 cha pili, 16 hadi 25 cha tatu. Mmoja asome swali, wengine wajaribu kulijibu kwa hali ya Nairobi, ndipo jibu la Engels lisomwe. Mkisoma jibu kwanza, kikao kinageuka kuwa cha kukariri.

Swali la 9, linalouliza mfanyakazi wa kiwandani anatofautiana vipi na fundi wa kazi za mikono, halina jibu. Swali la 22 na la 23, kuhusu mataifa na dini, yana neno moja tu la kuonyesha kwamba jibu la rasimu iliyotangulia linabaki. Kurasa hazijapotea na muuzaji hajakupunja. Engels mwenyewe aliacha hivyo.

Maswali yenye uzito ni haya. La 2 linaeleza tabaka la wafanyakazi: watu wasio na kitu cha kuwaingizia riziki isipokuwa kuuza nguvu zao za kazi. La 7 linatofautisha mtumwa na mfanyakazi: mtumwa huuzwa mara moja kwa maisha yake yote, mfanyakazi hujiuza kila siku, na hakuna bwana anayewajibika kumlisha siku asiyohitajika. Kibarua anayesimama langoni Industrial Area alfajiri akingoja kuitwa ataelewa bila kufafanuliwa. La 16 linauliza kama mali ya kibepari yaweza kuondolewa kwa amani, na Engels anajibu kwamba ingependeza iwe hivyo. La 17 linauliza kama yaweza kuondolewa kwa pigo moja. Anakataa: uzalishaji lazima kwanza ukue. La 19 linauliza kama mapinduzi yanaweza kutokea katika nchi moja peke yake. Jibu ni hapana.

Majibu hayo mawili ya mwisho yawekeni alama ya kalamu. Urusi ya 1917, chama cha Lenin kiliposhika madaraka, ilikuwa nchi ya wakulima, na kuanzia 1924 Stalin, aliyemrithi Lenin, alitetea ujenzi wa usoshalisti katika nchi moja. Kitabu kilichochapishwa Moscow kinabeba ndani yake hoja inayopingana na njia ya Moscow, na wahariri walilazimika kulielezea jambo hilo kwenye maelezo ya nyuma.

Ilani, na pale inapoeleweka vibaya

Ilani ilitoka London Februari 1848, kwa Kijerumani, kurasa 23. Ina sehemu nne. Ya kwanza na ya pili ndizo za kusomwa neno kwa neno. Ya tatu inajibizana na makundi ya wasoshalisti wa wakati ule ambayo mengi yalishakufa. Iruke kwenye usomaji wa kwanza. Ya nne ni fupi, inataja vyama vya nchi mbalimbali, na Marx na Engels wenyewe walisema mwaka 1872 kwamba upande huo ulikuwa umepitwa na wakati.

Sehemu ya kwanza itawashangaza wanaodhani ni matusi kwa mabepari kuanzia juu hadi chini. Inawasifu. Inasema tabaka hilo liliunganisha dunia kwa biashara, likavunja ukabaila, likazalisha kwa wingi usiowahi kuonekana. Hoja ya waandishi ni kwamba mfumo huohuo huleta migogoro ambamo watu hukosa riziki kwa sababu bidhaa zimezidi, si kwa sababu zimepungua, na kwamba humkusanya pamoja mfanyakazi atakayeupindua.

Kosa linalorudiwa kuliko yote mitaani ni kusema ukomunisti unataka kukunyang'anya nguo, sufuria na kitanda. Sehemu ya pili inalijibu waziwazi. Kinacholengwa ni mali inayompa mtu uwezo wa kujichumia kutokana na kazi ya mwingine. Kipimo cha kutumia ni hiki: je, kitu hiki kinakuletea mapato huku mwingine ndiye anayetoka jasho? Pikipiki unayoiendesha mwenyewe ni kifaa chako cha kazi. Pikipiki tano ulizowapa vijana wakuletee hesabu kila jioni ni mtaji. Nyumba unayolala ni ya matumizi. Ploti ya vyumba 40 mtaa wa Pipeline ni chanzo cha kodi ya nyumba.

Mwisho wa sehemu ya pili kuna hatua 10 zilizopendekezwa kwa nchi zilizoendelea: kuondoa umiliki binafsi wa ardhi na kutumia malipo ya kuikodi kwa mahitaji ya umma, kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, kufuta urithi, benki moja ya dola, usafiri na mawasiliano mikononi mwa dola, elimu ya bure kwa watoto wote na kukomesha kazi yao viwandani, na nyinginezo. Usiikariri orodha hiyo kama amri. Kwenye dibaji ya 1872 wenyewe walisema hawatilii hatua hizo mkazo wa pekee, kwa kuwa utekelezaji hutegemea hali ya mahali na wakati. Kodi inayopanda na elimu ya msingi bila ada ziko Kenya leo chini ya uchumi wa kibepari, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba huwezi kuutambua ukomunisti kwa kuhesabu hatua.

Thamani ya ziada: chukueni kalamu na karatasi

Hapa ndipo vitabu hivi vinapostahili bei yake. Hotuba ya mshahara, bei na faida ilitolewa na Marx mwaka 1865 mbele ya viongozi wa Jumuiya ya Kwanza ya Kimataifa, muungano wa wafanyakazi wa nchi mbalimbali, ikachapishwa 1898 baada ya kifo chake. Mfano wake ni wa mfanyakazi ambaye mahitaji yake ya siku huchukua saa 6 za kazi, sawa na shilingi 3 za Uingereza, lakini anafanya kazi saa 12. Saa 6 zinazobaki anamfanyia tajiri bure.

Tuufanye kwa namba za hapa, za kufundishia tu. Tuseme fundi cherehani wa kiwanda cha nguo analipwa shilingi 800 kwa siku ya saa 8. Kitambaa, uzi na vifungo anavyotumia kwa siku ni shilingi 3,000. Uchakavu wa mashine na umeme ni 200. Nguo alizoshona zinauzwa 4,800. Kitambaa hakikuzaa kitu. 3,000 zake ziliingia kwenye nguo zikatoka zilivyo, na 200 za mashine vilevile. Thamani mpya aliyoongeza fundi ni 1,600. Kati ya hizo alirudishiwa 800. Nyingine 800 ni thamani ya ziada. Kwa saa 4 alijilipa mwenyewe, kwa saa 4 akamfanyia mwenye kiwanda.

Sasa tofautisheni viwango viwili, maana vikundi vingi huvichanganya na mjadala ukaharibika. Kiwango cha unyonyaji ni ziada kugawanya kwa mshahara: 800 kwa 800, asilimia 100. Kiwango cha faida ni ziada kugawanya kwa gharama zote: 800 kwa 4,000, asilimia 20. Mwenye kiwanda atakuonyesha asilimia 20 na kulalamika kwamba biashara ni ngumu, na hasemi uongo. Fundi akiona asilimia 100 naye hasemi uongo. Wanagawanya kwa namba tofauti.

Msimamizi akiongeza saa 2 bila malipo, vifaa vinapanda kwa robo hadi 3,750, uchakavu 250, mshahara unabaki 800. Thamani mpya ni 2,000, ziada ni 1,200. Unyonyaji umefika asilimia 150, faida asilimia 25. Ndiyo maana vita vingi vya mwanzo vya vyama vya wafanyakazi vilikuwa juu ya urefu wa siku ya kazi.

Nadharia hii ina mahali inapokwama, na kikundi makini kisipaogope. Hesabu imechukulia kwamba bei inafuata kiasi cha kazi kilichoingia kwenye bidhaa. Kwenye soko halisi kuna ushindani, uhaba, jina la bidhaa na mtaji usiolingana kati ya sekta. Marx alijaribu kulitatua tatizo hilo kwenye juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa, Mtaji, ambayo Engels aliitoa 1894, na wanauchumi wanalibishania hadi leo. Pili, Nairobi si Manchester, jiji la viwanda la Uingereza. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya imo katika sekta isiyo rasmi. Mwendesha bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki halipwi mshahara. Anakodi chombo na kubeba hasara yote ya siku mbaya mwenyewe. Mama mboga anamiliki kibanda na mtaji wa siku moja, na ananyonywa zaidi kupitia mkopo wa simu na kodi ya nyumba kuliko kupitia mwajiri. Vitabu vinamweka mtu kama huyo katika tabaka dogo linaloelekea kumezwa na viwanda. Hapa hajamezwa, ameongezeka. Yeyote anayetaka kutumia uchambuzi huu kwa jiji hili ana kazi ya kuandika sura ambayo Engels aliiacha wazi kwenye swali la 9.

Kurasa chache zilizo bora kuliko sifa zake

Uhakiki wa Programu ya Gotha, wa 1875, huonekana mgumu kwa sababu unabishana na maneno ya programu ya chama cha Wajerumani, mstari kwa mstari. Usiuache. Programu iliahidi kwamba mfanyakazi atapata matunda yote ya kazi yake. Marx anaipinga ahadi hiyo kwa hesabu. Kabla ya kugawana, anasema, lazima mtoe fidia ya vifaa vilivyochakaa, nyongeza ya kupanua uzalishaji, na akiba ya ajali na majanga. Katika kinachobaki mtoe tena gharama za utawala, za shule na afya, na za wasioweza kufanya kazi. Kilichobaki baada ya makato sita ndicho cha kugawana.

Halafu anaweka hatua mbili. Katika hatua ya chini, jamii iliyotoka tu tumboni mwa ubepari, kila mtu hupata kwa kadiri ya kazi aliyofanya. Si haki kamili, kwa kuwa mmoja ana nguvu na mwingine hana, mmoja ana watoto watano na mwingine hana hata mmoja. Katika hatua ya juu, uzalishaji ukishakuwa tele, kila mtu atatoa kwa uwezo wake na kupata kwa mahitaji yake. Lenin mwaka 1917 aliipa hatua ya kwanza jina la usoshalisti na ya pili ukomunisti. Kwa hiyo hakuna dola iliyowahi kudai imeshafika kwenye ukomunisti. Umoja wa Kisovyeti wenyewe ulijiita wa kisoshalisti hadi ulipovunjika.

Kisichomo

Sasa pengo. Tafuta katika juzuu zote 3 sura inayoeleza kiwanda cha mkate kitajuaje kioke mikate mingapi, unga utoke wapi, na nani aamue. Haipo. Marx hakutaka kuandika mapishi ya jikoni za kesho, na waliokuja baadaye walilazimika kubuni wakiwa vitani.

Tume ya mipango ya Urusi, Gosplan, iliundwa 1921, na mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928. Njia yake ilikuwa mizania ya vifaa: upande mmoja andika bidhaa itakayopatikana, upande wa pili watakaoitumia, kisha sawazisha. Chukua mkate. Ukitaka kuuongeza kwa asilimia 10, ongeza unga. Unga unahitaji ngano na visagio, ngano inahitaji mbolea na matrekta, matrekta yanahitaji chuma na dizeli, dizeli inahitaji mabomba, na mabomba yanahitaji chuma kilekile ulichokwisha kukigawa. Kila marekebisho yanarudi nyuma kugusa mizania nyingine, na bidhaa ni maelfu. Muda ulipoisha, tume ilibana tu upande wa watumiaji, na aliyebanwa mara nyingi alikuwa mnunuzi wa kawaida mwenye foleni.

Mwanauchumi wa Austria Ludwig von Mises aliliona tatizo hilo mwaka 1920: bila soko la njia za uzalishaji hakuna bei za kweli, na bila bei huwezi kulinganisha gharama ya njia moja na nyingine. Wasoshalisti walijibu kwamba bei zaweza kupangwa. Zilipangwa, na zikadanganya. Mkate wa Kisovyeti ulikuwa rahisi kiasi kwamba watu walilisha mifugo, hata serikali ikalazimika kupiga marufuku. Kenya iliona mfano mdogo Julai 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga iliposhushwa kwa ruzuku hadi shilingi 100: bei ilikuwa kwenye tangazo, unga ulikuwa haba madukani. Ule haukuwa ukomunisti, lakini kanuni ya bei ni ileile.

Kisha kuna wanadamu ndani ya mpango. Meneja aliyevuka lengo kwa asilimia 10 mwaka huu hupewa lengo lililopanda mwaka ujao, kwa hiyo hujifunza kuficha uwezo wa kiwanda chake. Lengo likipimwa kwa uzito, bidhaa huwa nzito. Kiongozi wa Kisovyeti Khrushchev mwenyewe alilalamika kuhusu taa za dari zilizotengenezwa nzito ili zitimize tani. Mwanzo wa mwezi vifaa havijafika, mwisho wa mwezi watu wanakesha kufukuzia namba, na ubora unaanguka. Mwanauchumi wa Hungary János Kornai aliongeza sababu nyingine mwaka 1980: shirika la umma linalojua hazina italiokoa kila likipata hasara huagiza vifaa bila kiasi, na uhaba unakuwa hali ya kudumu.

Tatizo la pili ni la madaraka, na kwa maoni yetu halitenganiki na la kwanza. Bunge la Katiba lililochaguliwa lilivunjwa na Wabolsheviki, chama cha Lenin, Januari 1918. Machi 1921 mabaharia wa ngome ya Kronstadt waliodai uchaguzi huru wa mabaraza ya wafanyakazi (soviet) walipigwa kwa mizinga, na mwezi huohuo chama kikapiga marufuku makundi ya ndani yake. Ilipofika 1937 na 1938, rekodi za polisi wa siri zenyewe zinaonyesha karibu watu 680,000 walihukumiwa na kuuawa. Mtu asidhani hayo ni mambo ya siasa tu yasiyogusa chakula. Mpango unategemea taarifa za kweli kutoka chini, na mahali ambapo kusema lengo halifikiki ni kosa la kufungwa, hakuna atakayesema. China ilipoanza Mruko Mkuu, kampeni ya kuharakisha uzalishaji, mwaka 1958, wilaya zilishindana kutangaza mavuno ya uongo, serikali ikachukua nafaka kwa kufuata namba hizo, na wakulima wakabaki bila kitu. Waziri wa Ulinzi Peng Dehuai aliandika barua ya kuonya mwaka 1959. Akaondolewa, na njaa ikaendelea hadi 1961, makumi ya mamilioni wakafa kwa makadirio mengi. Ukraine na Kazakhstan zilikuwa zimepitia njaa ya namna hiyo 1932 na 1933, baada ya wakulima kulazimishwa kuingia mashamba ya pamoja na nafaka yao kuchukuliwa.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Dola hizo zilifundisha mamilioni kusoma, zikasambaza umeme na zahanati vijijini kwa kasi ambayo makoloni ya Ulaya hayakuwahi kuona. Na udikteta haukuwa sharti la jina: jimbo la Kerala nchini India lilichagua serikali ya wakomunisti kwa kura mwaka 1957, na tangu hapo wameshinda, wakashindwa, wakatoka, wakarudi kwa kura.

Vya kuongeza kwenye rafu

Anayesema mawazo haya ni ya kigeni Nairobi asome historia ya jiji lake. Makhan Singh, aliyejitangaza mkomunisti, alianzisha na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki mwaka 1949, na Aprili 1950 akadai uhuru hadharani katika ukumbi wa Kaloleni. Alikamatwa mwezi uliofuata na kuzuiliwa hadi 1961. Pio Gama Pinto, mwanasiasa msoshalisti, aliuawa Nairobi Februari 1965. Mwaka huohuo serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliobeba jina la usoshalisti wa Kiafrika lakini ukaukataa Umarksi kwa maneno wazi na kulinda umiliki binafsi. Waraka huo ni lazima kusomwa sambamba na Ilani, kwa sababu ndio ulioamua mjadala huu Kenya, na hoja zake zinajibika.

Cha pili ni Azimio la Arusha la Februari 1967. Ni fupi, kwa Kiswahili safi, na lina kitu ambacho Engels hakuandika: masharti ya viongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Ujamaa wa Nyerere haukuwa ukomunisti, kwa kuwa haukujengwa juu ya mapambano ya kitabaka. Hata hivyo uligongana na tatizo lilelile la amri kutoka juu. Kuanzia 1973 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa lazima, wengine mbali na mashamba yao, na shamba la pamoja likapaliliwa baada ya shamba la nyumbani.

Kwa mazoezi, chukueni ripoti ya mwaka ya Sacco au chama cha ushirika ambacho mmoja wenu ni mwanachama. Sacco si ukomunisti. Ni mali ya pamoja ndani ya soko. Lakini maswali ni yaleyale: hesabu zinaandikwa na nani, kamati ya usimamizi inachaguliwa na nani, na mwanachama akigundua namba ya uongo anaweza kusimama mkutanoni akasema bila kupoteza kitu? Kikao kimoja cha namna hiyo kitawaelewesha kilichotokea 1959 kuliko dibaji zote za Moscow.

Mfuko ukiruhusu juzuu moja tu, chukua ya 1. Ya 2 na ya 3 usizilipie bei kubwa, kwa kuwa hotuba ya mshahara na uhakiki wa Gotha vinapatikana bure kwenye intaneti, na cyber yoyote itakuchapia. Ilani yenyewe bila dibaji zake haizidi kurasa 25 hivi za A4 kwa herufi za saizi 11. Chapa pande zote mbili, mwombe akuachie pambizo pana upande wa kulia, na usitie pini ya kati: tumia klipu, ili kila msomaji abebe kurasa za kikao kinachofuata na nyingine zibaki kwa wenzake.